Kompyuta ya mezani inarudi mwaka 2012 kila asubuhi na kujizima mchana: ni betri, vumbi, umeme au virusi?

#1 MkaziWaNkuhungu (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Habari za jioni wanajukwaa. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa mtumba miaka minne iliyopita. Watoto wanaitumia kwa mazoezi ya shule, nami natunzia humo hesabu za mashine yangu ya kusaga iliyoko mtaa wa pili. Tangu mwezi wa sita imeanza vituko viwili. Cha kwanza, kila ninapoiwasha asubuhi inasema leo ni tarehe 1 Januari 2012, na nisiporekebisha saa, karibu kila tovuti inagoma kufunguka kwa madai kwamba muunganisho si salama. Cha pili, ikishafanya kazi kwa muda, hasa kuanzia saa nane mchana, inazimika ghafla kama kibatari kilichopulizwa, bila onyo wala ujumbe.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya, akachukua chake, na jioni ileile vituko vikarudi. Wa pili alisema ni pawasaplai, yaani kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme. Wa tatu hata hakuifungua. Aliitazama kama daktari wa mifugo anavyomtazama ng'ombe mzee, akanishauri ninunue nyingine. Mimi naamini kwamba hapa Dodoma kompyuta za majumbani huuawa na vumbi na umeme, ila lawama huangukia virusi kwa kuwa virusi havina wa kuwatetea. Nipingeni au nisaidieni kabla sijamtafuta fundi wa nne.

#2 FundiMstaarabu (Jumatatu, saa 2:41 usiku)

Una wagonjwa wawili ndani ya boksi moja, na mafundi wako walikosea kwa kutafuta dawa moja.

Kuhusu tarehe: juu ya madabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, kuna betri ya duara inayofanana na sarafu, iliyoandikwa CR2032. Namba hiyo si ya urembo, kwani inaeleza umbo lake, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3, na kazi yake ni kuiendesha saa na kutunza mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, wakati mashine haina umeme. Ikichoka, kompyuta husahau siku na kurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Tovuti zinagoma kwa sababu cheti cha usalama cha kila tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2012 inakiona cheti ambacho kwa hesabu yake bado hakijaanza kutumika, hivyo inakikataa. Haikuwa na haja ya kupiga Windows hata kidogo.

Kuhusu kujizima, sina jibu mpaka uifungue.

#3 BintiKondoa (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Namuunga mkono FundiMstaarabu kwenye betri. Yangu ilikuwa ikirudi 2009, na niliinunua betri mpya kwa fundi saa wa sokoni, si kwenye duka la kompyuta, kwa sababu ni betri ileile inayotumika kwenye mizani za jikoni na rimoti za magari. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, kisha sukuma kile kikamata cha chuma kilicho pembeni kwa ukucha na betri itaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu. Mimi niliiweka kichwa chini, nikamlaani fundi saa wa watu kwa siku mbili.

#4 KaraniMstaafu (Jumatatu, saa 3:30 usiku)

Naomba kuuliza. Radi iliniunguzia runinga mwaka juzi, na tangu hapo nazima swichi ya ukutani kila usiku na kuchomoa waya. Ajabu ni kwamba betri ya kompyuta yangu haimalizi miaka miwili, ilhali ya kijana wangu aliyeko Area C, ambaye hachomoi kitu, ina miaka sita. Je, uangalifu ndio unaoniponza?

#5 FundiMstaarabu (Jumatatu, saa 3:52 usiku)

Mzee wangu, ndivyo ilivyo. Kompyuta ya mezani iliyozimwa huku waya ukiwa kwenye soketi yenye umeme huendelea kupokea umeme kidogo kutoka pawasaplai, na saa hula huo. Ukichomoa, saa inakula betri usiku kucha. Lakini endelea kuchomoa, kwa sababu bei ya betri moja na bei ya madabodi iliyopigwa radi haziwekwi kwenye mizani moja.

#6 MbishiWaSingida (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Mnakimbilia betri kabla ya kumhoji mgonjwa. Mimi nilibadilisha betri mbili bure. Saa yangu ilikuwa ikipotea kwa saa tatu kamili, si dakika zaidi wala pungufu, na tarehe haikuguswa. Kumbe kijana wangu alikuwa ameweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pembeni ya Windows. Linux huichukulia saa ya madabodi kuwa ni saa ya dunia, Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali, na sisi Tanzania tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimsahihisha mwenzake. Tena angalieni kama mmechagua eneo sahihi la saa. Kwenye orodha ya Windows msiitafute Dodoma, hamtaiona, chagueni Nairobi.

#7 BintiKondoa (Jumanne, saa 1:22 asubuhi)

Makao makuu ya nchi tunayo, lakini saa tunaazima kwa jirani.

#8 MkaziWaNkuhungu (Jumanne, saa 1:48 usiku)

Nawashukuru. MbishiWaSingida, yangu inaruka miaka, si saa tatu, na Linux nimeisikia kwako. Leo nimenunua betri na kufungua mlango wa pembeni wa kasha, na ninaeleza nilichokiona ili wengine nao wakafungue za kwao.

Juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, kuna feni, na chini ya feni kuna mapezi ya alumini yaliyopangwa kama meno ya kitana. Mapezi hayo sikuyaona. Nilichokiona ni kitu kama kipande cha blanketi chenye rangi ya barabara ya mtaani kwetu, kimefunika eneo lote kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipokishika kwa vidole viwili kilibanduka kizima kizima bila kupasuka, kikabaki na alama za mapezi upande wa chini kama chapati iliyolala juu ya wavu. Ndani yake kulikuwa na nywele, nyuzi za zulia na bawa moja la kumbikumbi. Mke wangu ameomba nisikitupe kwanza, anataka kuwaonyesha watoto wanaokula karanga mbele ya kompyuta.

Betri nimeweka na tarehe imekaa. Swali langu sasa ni jinsi ya kusafisha yaliyobaki.

#9 MamaStesheneri (Jumanne, saa 2:20 usiku)

Nina kompyuta tatu dukani, pembeni ya barabara ya vumbi, kwa hiyo hili nalijua kwa mikono. Kati ya mwezi wa tano na wa kumi na moja, hapa kwetu mvua hakuna na upepo haupumziki, hivyo nasafisha kila baada ya wiki sita. Wakati wa masika naweza kupitisha miezi minne.

Toa kasha nje, simama upande unakotoka upepo, tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kugusa rangi, na umalizie kwa bloa. Zuia feni kwa kidole au kijiti unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi isiyo yake inaharibika beringi. Usipulize kwa mdomo, maana mdomo una mate. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani iweke mbali, kwa kuwa hewa yetu ni kavu na bomba lake la plastiki hujaza umeme tuli unaoweza kuua chipu bila wewe kuuona. Na kasha lisikae sakafuni. Liinue hata juu ya tofali mbili.

#10 MwalimuKongwa (Jumanne, saa 2:55 usiku)

Shikamooni wakubwa. Naongeza jambo kwa #9. Kati ya prosesa na yale mapezi kuna grisi maalumu inayopitisha joto, na kwenye mashine ya zamani huwa imekauka ikawa kama chokaa. Unaweza kuondoa vumbi lote na bado prosesa ikaungua, kwa sababu joto halipandi kwenda kwenye mapezi. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujizima zenyewe ili zisife, na namna zinavyojizima ni hiyohiyo ya kibatari kilichopulizwa. Mkazi awashe kompyuta, aingie kwenye BIOS na kusoma joto, maana BIOS nyingi zina ukurasa wake. Ikiwa inakaa tu bila kazi na tayari imefika 80, asitafute mchawi mwingine. Afute grisi ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha aweke mpya kiasi cha punje ya mchele.

#11 MchunaWaya (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Naona mmeshaandika hukumu kabla umeme haujasikilizwa. Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kwa vipimo umeme wetu ni volti 230, lakini nenda na kipimo kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni watu wanapopika na kupiga pasi, utaona 190 au chini ya hapo. Pawasaplai za bei nafuu hazivumilii. Zinapokosa nguvu hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kompyuta inazimika, wakati taa ya chumbani imepepesa tu na hakuna aliyeitazama.

Mkazi, nina maswali mawili. Nani jirani yako ana mashine kubwa? Na ukigusa chuma cha kasha kwa mgongo wa kidole ukiwa pekupeku, unahisi kitu kama siafu anatembea?

#12 MkaziWaNkuhungu (Jumanne, saa 4:02 usiku)

Yote mawili ni ndiyo. Nyuma ya nyumba kuna karakana ya kuchomelea mageti, na huwa wanapamba moto mchana. Siafu nao wapo, mke wangu huwa anasema kompyuta ina jini.

#13 MchunaWaya (Jumanne, saa 4:15 usiku)

Jini huyo anaitwa ukosefu wa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ndani ya pawasaplai kuna kichujio kinachomwaga umeme kidogo sana kwenye kasha ili uende ardhini, na njia ya ardhini isipokuwepo unabaki kwenye chuma ukimsubiri mtu. Kwa kawaida hauui, lakini unaashiria kwamba nyumba haina kinga. Huku kwetu hata nyumba yenye nondo ya ethi inaweza kukosa ethi wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ndiyo maana wazee wa kazi humwagia maji pale ilipozikwa. Mwite fundi apime, usiridhike kwa kuona waya wa kijani. Na mashine ya kuchomelea ikianza kazi kwenye laini moja na wewe, volti zako zinazama kila anapogusisha fimbo.

#14 MbishiWaSingida (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Sasa tuna joto la saa nane na mchomeleaji wa saa nane. Mashahidi wawili wamefika kwenye tukio saa ileile, na kila mmoja anakiri. Mkazi afungue kumbukumbu za matukio za Windows. Yangu ilipokuwa ikijizima iliandika tukio namba 41, nikajua ni pawasaplai.

#15 FundiMstaarabu (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Hapo nakusahihisha, ndugu yangu. Tukio namba 41 linasema tu kwamba Windows imewaka tena bila kuwa ilizimwa kwa utaratibu. Ukichomoa waya makusudi litaandikwa, joto likizidi litaandikwa, na pawasaplai ikifa litaandikwa. Ni sawa na cheti cha kifo kinachosema marehemu amefariki.

#16 KijanaWaChuo (Jumatano, saa 2:12 usiku)

Wakubwa, virusi mmevitoa kwenye kesi mapema mno. Kuna programu chafu ambazo haziibi faili wala kufuta picha, bali huitumia prosesa yako kuchimba sarafu za mtandaoni kwa faida ya mtu mwingine. Prosesa inafanya kazi kwa asilimia mia huku wewe umefungua ukurasa mtupu, feni inalia, joto linapanda, na mwisho inajizima. Kwa hiyo joto linaweza kuwa la kweli na virusi pia vikawa vya kweli. Abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kuangalia ni nani anayekula prosesa wakati hafanyi kitu. Niliwahi kukuta moja kwenye kompyuta ya rafiki yangu, iliingia pamoja na mchezo wa kompyuta ulioibwa.

Jambo jingine, kuanzia Windows 8 ukizima kwa njia ya kawaida, kompyuta nyingi hazizimi kiini cha mfumo, zinakilaza tu ili ziwake haraka. Anayetaka kuianzisha upya kwelikweli atumie amri ya kuwasha upya, asizime na kuwasha.

#17 KaraniMstaafu (Jumatano, saa 2:40 usiku)

Hilo la mwisho limenitoa jasho. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wajukuu "zima, hesabu kumi, washa", kumbe nilikuwa nailaza na kuiamsha.

#18 MamaStesheneri (Jumatano, saa 3:01 usiku)

Naomba niseme la moyoni kuhusu kupiga Windows, kwa sababu #1 amelipita haraka. Fundi mmoja aliwahi kunipigia Windows kwa tatizo ambalo baadaye lilionekana kuwa vumbi kwenye ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda. Ukiitoa, ukaisugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli na kuirudisha, inapona. Yeye hakuuliza kama nina kitu cha kuhifadhi, akafuta diski yote, na picha za harusi ya mdogo wangu zikaenda. Sasa nimebandika karatasi juu ya kila kasha: USIFUTE KABLA YA KUULIZA. Na kwa wanaoletewa fleshi ambayo mafaili yamegeuka njia za mkato, msiiformati. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu. Fungua dirisha la amri, ingia kwenye fleshi na uandike attrib -h -r -s /s /d *.* kisha subiri. Nimewarudishia wanafunzi kazi zao nyingi kwa mstari huo mmoja, na mmoja wao alinishukuru kwa zabibu.

#19 KijanaWaChuo (Jumatano, saa 3:09 usiku)

Mama, kumbe malipo ni zabibu? Nina fleshi mbili.

#20 MkaziWaNkuhungu (Jumapili, saa 1:20 usiku)

Narudi na taarifa. Nimesafisha kama alivyoelekeza MamaStesheneri, na grisi mpya nimeweka. Joto kwenye BIOS lilikuwa nyuzi 78, sasa ni 46. Nimeangalia wanaokula prosesa kama alivyosema KijanaWaChuo, sikuona mgeni, ingawa sijui sura za wenyeji wote. Alhamisi ilijizima mara moja saa tisa mchana, Ijumaa mara mbili. Jumamosi niliibeba hadi kwa shemeji yangu Kisasa, ikakaa imewaka tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni bila kutetereka. Leo Jumapili, hapa nyumbani, imekaa siku nzima.

#21 MchunaWaya (Jumapili, saa 1:33 usiku)

Jumapili karakana haifunguliwi. Sina la kuongeza.

#22 MwalimuKongwa (Jumapili, saa 1:50 usiku)

Mimi ninalo. Leo kulikuwa na upepo na baridi mpaka nikavaa sweta, na nyumba nyingi za Kisasa zina dari, ilhali Mkazi hajatuambia kama chumba chake kina dari au bati tupu. Joto la BIOS alilosoma ni la kompyuta isiyo na kazi. Alisome mara tu baada ya watoto kucheza kwa saa mbili.

#23 FundiMstaarabu (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Na mimi nasema pawasaplai inaweza kuwa inachoka, ikawa inavumilia umeme mzuri na kushindwa ule mbaya, hivyo MchunaWaya na fundi wa pili wa Mkazi wakawa sahihi kwa pamoja. Aazime nyingine kwa siku mbili. Kama ya kuazima ni ya zamani na ina swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230, ahakikishe inasoma 230 kabla hajachomeka, vinginevyo atasikia mlipuko na kununua mbili. UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, nayo itasaidia, ila asiunganishe printa ya leza humo.

#24 MkaziWaNkuhungu (Alhamisi, saa 3:45 usiku)

Mwalimu, chumba ni bati tupu. MchunaWaya, mchomeleaji amesafiri tangu Jumanne kwenda msibani Manyoni, karakana imefungwa, nami nimekuwa nikiifanyia majaribio kompyuta kila mchana kwa pawasaplai yangu ileile, na mchana haikuzimika. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia pongezi. Leo saa tatu usiku, hali ya hewa ikiwa ya baridi na karakana ikiwa imefungwa, imezimika.

#25 MbishiWaSingida (Alhamisi, saa 3:51 usiku)

Nani alikuwa chumbani?

#26 MkaziWaNkuhungu (Alhamisi, saa 3:58 usiku)

Mwanangu wa mwisho, chini ya meza, karibu na ekstensheni. Anasema hakuigusa.

#27 BintiKondoa (Alhamisi, saa 4:03 usiku)

Mguu wake ulikuwa wapi?